Jodel D.9: bawa la kushoto linashuka na fimbo inataka kuvutwa muda wote

Bebe1600:
Wakuu, habari za leo. Nina ndege ya Jodel D.9 ya mbao, kiti kimoja, injini ya Volkswagen 1600 cc, propela imefungwa upande wa puli. Iko kwenye kipindi cha majaribio. Kwenye mwendo wa safari, kama 130 km/h, kuna mambo mawili: bawa la kushoto linashuka polepole ukiachia fimbo, na fimbo yenyewe inabidi kuivuta nyuma muda wote, si kwa nguvu nyingi lakini inachosha.

Vipimo, ndege ikiwa imelazwa sawa kama inavyoruka: gurudumu la kushoto kilo 95, la kulia 94, la mkia 10. Nimepima kuanzia ukingo wa mbele wa bawa: magurudumu makubwa yako 0.10 m nyuma yake, la mkia 3.90 m. Rubani (kilo 80) yuko 0.70 m, tangi la lita 20 liko 0.15 m mbele. Upana wa bawa katikati, ukingo wa mbele hadi wa nyuma, ni 1.40 m.

Nimeshauriwa niweke kilo 2 za risasi mkiani, na kijibati kwenye usukani wa mkia kilichokunjwa kushoto. Nifanye?

Timazi:
Risasi hapana. Tupige hesabu ya kitovu cha uzito kwanza.

Ndege tupu: 189 × 0.10 = 18.9, na 10 × 3.90 = 39.0. Jumla 57.9, gawanya kwa 199, unapata 0.291 m.
Ongeza rubani, 80 × 0.70 = 56.0. Mafuta lita 20 ni kama kilo 14.4, na kwa kuwa yako mbele ya ukingo unatoa 2.2. Jumla 111.7 kwa kilo 293.4, yaani 0.381 m, sawa na asilimia 27 ya upana wa bawa.

Mafuta yakiisha, kitovu cha uzito kinarudi nyuma: 113.9 kwa 279 ni 0.408 m, asilimia 29. Hiyo ndiyo hali ya kulinganisha na kikomo cha nyuma kwenye michoro yako, sio tangi likiwa limejaa. Wengi wanapima na tangi limejaa wanafurahi, wanasahau safari inaishia tangi likiwa tupu. Sasa weka zile kilo 2 kwenye 3.90 m, tangi tupu: unafika 0.433 m, karibu asilimia 31. Umepunguza utulivu wa ndege na umefanya kutoka kwenye mzunguko wa kuanguka (spin) kuwa kugumu zaidi, yote hayo ili mkono upumzike.

Kwa namba hizi pua yako si nzito. Kabla ya kugusa chochote, tafuta kama tatizo ni pembe ya mkia au ni uzito wa eleveta yenyewe, lile bapa la mkia linaloinua na kushusha pua. Bandika utepe pembeni mwa fimbo, ndege ikiwa imetulia kwenye 130 km/h weka alama pale fimbo ilipo. Ukishuka, irudishe fimbo kwenye alama hiyo uangalie eleveta.

Ikiwa eleveta iko sawa na mkia, au imepishana kwa digrii 1 hivi, basi unachobeba mkononi ni uzito wa eleveta. Angalia chini: ukiachia fimbo ndege ikiwa imesimama, si inaanguka mbele? Eleveta isiyo na uzani wa kuisawazisha inaning'inia hivyo hivyo hata angani. Dawa yake ni springi nyepesi ya kuvuta fimbo nyuma. Funga mizani ya kuning'iniza, ile ya samaki, kwenye fimbo uone ni gramu ngapi zinahitajika ili eleveta ilale sawa, ndipo uchague springi.

Ikiwa eleveta imeinuka digrii 3 au zaidi, hapo mkia wenyewe umefungwa kwa pembe isiyofaa. Inabidi ukingo wake wa mbele ushuke kidogo ukilinganisha na wa nyuma. Kama boliti za mbele na nyuma zimeachana mm 400, kipande cha mm 3.5 chini ya boliti za nyuma kinabadilisha nusu digrii. Usizidishe hapo kwa mara moja, na mkaguzi wako aone kabla hujaruka, maana hayo ni mabadiliko ya muundo. Hakikisha pia boliti bado zinatokeza uzi wa kutosha nje ya nati.

PuliMbele:
Naunga mkono hesabu. Nije kwenye hilo bawa na hicho kijibati.

Ushauri wa kukunja kushoto umetoka kwa watu wa Lycoming na Continental. Injini hizo, ukiwa umekaa kitini, propela inazunguka kufuata mshale wa saa, na pua inavutwa kushoto ukiongeza moto, yaani nguvu ya injini. Volkswagen iliyofungwa propela upande wa puli inazunguka kinyume, kwa hiyo pua inavutwa kulia, na mkinzano wa injini unataka kushusha bawa la kulia. La kwako linashuka kushoto. Injini haihusiki.

Thibitisha hivi: toa moto wote, shuka kwa mwendo ule ule wa 130. Bawa likiendelea kushuka, kosa liko kwenye mwili wa ndege. Na wakati huo tazama gololi ya kipimo cha kuteleza iko wapi. Nasisitiza gololi kwa sababu ncha za mabawa ya Jodel zimeinuliwa sana. Pua ikienda kushoto kidogo tu, bawa la kushoto linaifuata. Watu wanahangaika na eleroni (vibapa vya nyuma ya mabawa vinavyolaza ndege) wakati ugonjwa uko kwenye usukani.

Bebe1600:
Shukrani wakuu. Bila moto bado linashuka kushoto. Gololi imekaa kulia, kama nusu ya upana wake. Nikikanyaga kulia kidogo inarudi katikati na bawa linatulia. Eleveta kwenye alama iko sawa na mkia.

Timazi:
Basi la fimbo limekwisha, ni springi.

PuliMbele:
Na la bawa ni usukani. D.9 haina bawa wima lisilosogea mbele ya usukani, usukani wote unazunguka. Kwa hiyo hakuna kinachoushika katikati zaidi ya springi za kanyagio na zile zinazoshuka kwenye gurudumu la mkia. Springi moja ikiwa fupi kuliko mwenzake, usukani unaruka umepinda.

Inua mkia, gurudumu lining'inie. Fungua springi zote mbili za mkia, weka kanyagio sawa, angalia usukani kwa timazi: ukingo wa nyuma uwe kwenye mstari wa katikati ya bodi. Ukipinda hapo, rekebisha waya za kanyagio. Ukiwa sawa, rudisha springi moja moja uone ipi inauvuta. Rekebisha kwa pingili ya mnyororo au kwa kikaza waya, kisha funga kikaza kwa waya wa usalama.

Kijibati uweke baada ya hapo tu, kama bado kuna mabaki. Na kwa gololi kulia kinakunjwa kushoto, kweli, ila kwa sababu ya gololi, sio kwa sababu ya injini.

MbavuNaGundi:
Nyongeza kwa anayesoma ambaye gololi yake iko katikati na bawa bado linashuka. Hapo pima msokoto wa mabawa. Tengeneza ubao wenye miguu miwili, uweke juu ya ubavu ule ule kushoto na kulia, na pima maji ya dijitali juu yake. Miguu ikiwa mm 230 kutoka mmoja hadi mwingine, tofauti ya mm 1 ni robo digrii. Nusu digrii kwenye ncha utaisikia mkononi.

Bawa la mbao likishagundishwa plaiwudi ya ukingo wa mbele halisokotwi tena. Msokoto umefungwa humo ndani. Ndiyo maana kwenye jigi, fremu ya kujengea bawa, unapima kila ubavu kabla ya kupaka gundi ya plaiwudi, na huondoi bawa mpaka gundi ikauke kabisa. Kwa bawa lililokwisha, kinachobaki ni eleroni. Bawa la kushoto likiwa zito, kijibati cha alumini ya mm 0.8, sentimita 20 kwa 4, kwenye eleroni ya kushoto, kimekunjwa juu. Hewa inakisukuma chini, eleroni inashuka, bawa linainuka. Kunja digrii 5, ruka, kisha uongeze. Kifunge kwa skrubu ndogo kwenye kipande cha mbao ngumu kilichogundishwa ndani, usikibandike kwenye kitambaa peke yake, na kisichezecheze hata kidogo, kwani kikilegea kinaweza kuanzisha mtetemo wa eleroni.