Tupeane uzoefu: mliofiwa na paka wa nyumbani, mnamkumbukaje?

Binti Tanga
Wanajamvi, habari za jioni. Paka wetu Sharifa ametutoka wiki iliyopita. Mama alimwokota Deep Sea, kwenye mnada wa samaki, mimi nikiwa darasa la nne. Sasa nina mtoto anayesoma chekechea, kwa hiyo mtaona tumeishi naye miaka mingapi.

Huyu paka alipenda nazi kuliko dagaa. Mama akishusha tu mbuzi ya kukunia, popote alipo anakuja. Anakaa pale mbele ya ungo, mkia ameuzungushia miguuni, hagusi kitu mpaka atupiwe chicha. Akishashiba anakwenda kujinyoosha kwenye mkeka wa Mama, na Mama akiswali anamsogeza kwa kiganja taratibu ili apate pa kusujudu.

Mwaka huu akaanza kunywa maji kupita kiasi huku anakonda. Daktari wa mifugo akasema ni figo, maradhi ya kawaida kwa paka wazee. Tumemzika chini ya mlimao. Mama hajakuna nazi tangu siku hiyo, tunakula ugali na maharage ya chumvi. Watu wanatuambia "paka tu huyo, mtapata mwingine." Nyie wa kwenu mliwalilia vipi?

Mzee wa Kisauni
Pole sana mwanangu, na mpe pole mama. Wanaosema "paka tu" waambie habari ya swahaba Abu Qatada: aliwekewa maji ya udhu, paka akaja, naye akainamisha chombo mpaka paka akanywa. Mkwewe alipomtazama kwa mshangao, akamwambia Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaowazungukia majumbani. Mwenye kukuzungukia miaka yote hiyo akiondoka, lazima nyumba ipwaye. Mke wangu alimlilia wake hadi arubaini ikapita, na sikumkataza.

Fundi Jokofu
Wangu aliondoka kwa sumu ya panya. Jirani aliitega stoo kwake, paka akamla panya aliyekwisha kuila. Siku ya pili fizi zikawa nyeupe kama karatasi, damu ikamtoka puani. Nyingi ya sumu hizi huzuia damu kuganda, na dawa yake ipo, vitamini K, ila uwahi. Nikaambiwa tumechelewa. Bado naumia. Tafadhalini, mnaotega sumu, waambieni majirani.

Mama Wawili
Poleni. Wanangu walimchorea paka wetu picha, ipo mlangoni mpaka leo.

Mpemba Toronto
Huku wangu alikuwa na saratani, daktari akashauri achomwe sindano ya kumlaza moja kwa moja. Nilimshika mimi mwenyewe, akalala mikononi mwangu. Baadaye nikapewa jivu lake kwenye kikasha, na alama ya unyayo wake kwenye udongo. Nilipompigia Bibi kule Wete akauliza, "Sasa hicho kikasha utakiweka wapi, mjukuu wangu?" Nikamwambia juu ya kabati la vyombo, alikokuwa akilala. Akanyamaza, kisha akasema, "Haya, hapo pazuri."

Nyota ya Lindi
Nina swali. Wangu amekufa juzi, na kaka yake waliyezaliwa pamoja anazunguka vyumbani analia, chakula hagusi. Nifanyeje?

Mama Wawili
Usifue kwanza kitambaa walichokuwa wanalalia, mwachie ile harufu. Ila usikae kusubiri: akifika siku ya pili hajala, mpeleke kwa daktari, ini la paka huharibika upesi akishinda na njaa. Mjaribu na samaki wa kuchemsha, usitie chumvi wala kitunguu.

Nyota ya Lindi
Ahsante dada. Nimemchemshia samaki changu, nikamlisha kwa mkono. Amekula kipande kimoja, anataka kingine.