Mtoto kachoka na Mandela: nimpe nani mweusi aliye hai?

Mama Nuru, Coventry
Wakuu, heshima kwenu. Oktoba hiyo inaingia, na huku Uingereza ndio mwezi wa historia ya watu weusi, tangu 1987. Shuleni kwa kijana wangu kila mtoto anasimama mbele ya darasa anamweleza mtu mmoja. Mwaka juzi alimchukua Mandela. Mwaka jana Martin Luther King. Mwaka huu nikamtajia Rosa Parks, akaniangalia weee, halafu: "Mama, kwani hakuna mweusi aliye hai?"

Wachezaji mpira na waimbaji ninao wa kumwaga, lakini huyu mpira hajui, na sauti yake Mungu mwenyewe anaijua. Ni mtoto wa bisibisi. Ana miaka 13, ameshafumua kibaniko cha mkate na kikaushio changu cha nywele, na kilichorudi kufanya kazi ni kimoja.

Nataka mtu ambaye mtoto akiuliza "alianzaje?" kuna la kumjibu. Picha za watu na tuzo zao zimejaa kwenye korido ya shule, watoto wanapita wanatafuna krispi zao, hawageuzi hata shingo.

Dereva wa Lewisham
Dada, mpe Maggie Aderin-Pocock. Kazaliwa hapa hapa London 1968, wazazi Wanaijeria. Ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, na amehamahama shule mpaka basi. Akiwa bado binti alijiunga na darasa la jioni, akajifunza kusugua kioo na kuunda darubini yake mwenyewe. Baadaye akasoma fizikia na uhandisi Imperial College, akaja kushiriki kutengeneza kifaa cha kuchambua mwanga wa nyota kwa ajili ya darubini ya Gemini kule Chile. Ameeleza mwenyewe kwamba alipomwambia mwalimu anataka kwenda anga za juu, akashauriwa ajaribu uuguzi, eti nao ni sayansi.

Sista wa Leeds
Na sisi wauguzi tumekosa nini jamani 😀 Ila nimekuelewa kaka. Mwalimu alitazama rangi akampangia kazi.

Singida Damu
Alphonce Simbu! Septemba 2025, Tokyo, marathoni ya dunia. Kilomita 42 zote zile, kamshinda Mjerumani kwa sekunde 0.03, ikabidi waamuzi waangalie picha. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Alianzaje? London 2017 alipata shaba, kwa hiyo muulize kijana miaka minane ile kati kati jamaa alikuwa anafanya nini.

Mama Nuru, Coventry
Singida Damu, usiku ule nilipiga kelele jirani akagonga ukuta. Lakini nimeomba fundi, wewe umeniletea mkimbiaji. Yupo fundi wa kwetu?

Mrisho, Arusha
Yupo. Dk. Askwar Hilonga, wa kijiji cha Gongali, Karatu. Huku maji yanatoka kwenye miamba ya volkano, yana floridi nyingi, ndiyo maana utaona watu wazima wana meno ya kahawia. Jamaa akaenda Korea Kusini kusomea udaktari wake wa falsafa, akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha, akaunda mchujio unaounganisha mchanga na chembe za nano, yaani ndogo mno hata jicho halizioni. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya huko huko kwenu, pauni 25,000, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutolewa.

Kijana asisimame na picha. Akate chupa ya soda kitako, aigeuze, pamba mdomoni, juu yake mchanga uliooshwa, kisha changarawe. Amimine maji ya tope yenye matone ya rangi ya chakula. Tope litabaki juu. Rangi itapita.

Mama Nuru, Coventry
Nimemsomea, kaweka simu chini, jambo ambalo kwangu ni habari. Anauliza kwa nini rangi inapita.

Mrisho, Arusha
Kwa sababu imeyeyuka. Mchanga unakamata kinachoelea, kilichoyeyuka kinapenya katikati ya punje, na floridi ni hivyo hivyo. Maji yanatoka meupe kabisa na bado yanaharibu meno. Hapo ndipo Hilonga alipolazimika kutafuta kitu cha kunasa kile kisichoonekana, na anakichanganya kulingana na maji ya eneo husika, maana uchafu wa Karatu si uchafu wa kwingine. Duru ya pili aongeze tabaka la mkaa, aone rangi inavyofifia.

Sista wa Leeds
Na asiyanywe tafadhali, hata yakitoka meupe.

Mama Nuru, Coventry
Mkaa wa kuchomea nyama unafaa? Uko mfuko mzima bustanini.

Mrisho, Arusha
Huo hapana, mwingine una dawa ya kuwashia. Nenda duka la samaki wa mapambo, waambie unataka mkaa wa kuchujia tangi. Uoshe kwanza, vinginevyo maji yatatoka meusi mbele ya darasa zima.

Mama Nuru, Coventry
Hapo kwenye meusi kacheka peke yake. Jumamosi tunaenda dukani.