Mrejesho: Jirani anayepigwa usiku (Makorora, Tanga)

Nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza majirani wa uwanja mmoja tufanye nini mwenzetu anapopigwa usiku. Ahsanteni sana nyote mliojibu.

Kupuliza filimbi kuita majirani tulikujaribu, tukakuacha. Watu walijaa mlangoni, na kesho yake dada akalaumiwa kwa "kutoa siri za ndani". Kilichofaa ni hodi. Wanakwenda wawili, mwanamume na mwanamke, wanaomba chumvi au kiberiti, na hawabanduki mlangoni mpaka kelele zitulie. Dada haulizwi chochote mbele ya mume. Mume akishika silaha hakuna hodi, tunapiga 112, namba ya dharura ya polisi.

Kikao cha suluhu kwa mjumbe kilishindikana. Waliketishwa pamoja, dada akanyamaza kabisa. Mnaopanga hilo, msikilizeni kwanza akiwa peke yake.

Ule mfuko wa kuondoka nao kwa dharura mliotushauri uliwekwa kwa jirani mmoja, simtaji: kitambulisho, kadi za kliniki za watoto, nauli, khanga mbili. Wiki iliyopita ulitumika. Dada alisindikizwa Dawati la Jinsia na Watoto polisi, akapewa PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), akaenda hospitali siku hiyohiyo, michubuko ingali inaonekana. Daftari letu la tarehe za vipigo lilimsaidia sana kutoa maelezo.

Kesi bado. Yeye na watoto wako kwa ndugu zake. Mtoto mdogo angali anashtuka mlango ukigongwa. Kwa ajili yake tumepiga 116, namba ya msaada kwa watoto, tunamsubiri afisa ustawi wa jamii.