Naomba ushauri: albamu ya kantri tunayoirekodia Mombasa

Salaam wakubwa. Mimi ni mpiga gitaa wa Kisauni. Kuna Mmarekani wa Tennessee amehamia Nyali. Kwao alikuwa akipiga banjo kwenye bendi za muziki wa asili. Sasa anatoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, kantri tupu, na ameniomba nimsimamie kazi.

Nyimbo ni nzuri, wallahi. Gitaa la chuma la kuteleza hatujapata wa kulipiga, nikamwita mzee mmoja wa fidla ya taarab. Kwenye wimbo wa kumlilia mama, aliivuta noti moja kutoka chini polepole mpaka ikakaa mahali pake, jamaa akaacha kuimba akabaki kusikiliza. Naona fidla hiyo ibaki albamu nzima. Mwenyewe anahofu wapenzi wa waimbaji wa kantri kama Jim Reeves na Don Williams, ambao Kenya ni wengi, wataikataa. Mwasemaje?

Jambo linalonikosesha usingizi ni malipo. Mzee tumlipe mara moja, au tumwandike kwenye mapato? Vionjo vile kavitunga yeye papo hapo, sitaki adhulumiwe. Aliyewahi kuandikisha kazi KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya) anieleze wasanii walioshirikishwa huandikwaje.

Halafu banjo yenyewe ni ya ngozi. Kiyoyozi kikiwaka kinanguruma kwenye maikrofoni. Tukikizima, ngozi inanyonya unyevu, inalegea na sauti inafifia. Mnaorekodi huku Pwani mnafanyaje? Tunaingia studio baada ya Idi.