Naomba ushauri: Nashindwa kujua kama nimeanza kumwamini Mungu au ninawaamini marafiki zangu tu

Mgeni wa Benchi la Nyuma:

Wapendwa, nawasalimu. Nimefika mahali ambapo siwezi kurudi nyuma kwa amani wala kusonga mbele kwa uhakika.

Nililelewa katika nyumba isiyosali. Hakuna aliyenikataza kuamini. Jambo lenyewe halikutajwa kamwe, na nilipokuwa mtu mzima nilikuwa nimekwisha kujijengea hoja nyingi juu ya mateso ya watoto wasio na hatia na juu ya sala zisizojibiwa. Miaka minne iliyopita nilipata marafiki wawili, mume na mkewe, ambao ni Wakristo. Hawakunihubiria. Baba yangu alipougua na hatimaye kufariki, walikaa nami siku zote zile bila kuniambia kwamba kifo kile kilikuwa mpango wa Mungu, neno ambalo wengine waliniambia na likaniumiza sana. Baada ya msiba nilimwuliza yule mume anawezaje kusali ikiwa hana hakika kwamba anasikilizwa, naye akakiri kwamba zipo siku ambazo hata yeye hana hakika. Jibu hilo lilinifungua kuliko hoja yoyote niliyowahi kuisikia.

Tangu hapo tumesoma pamoja Injili ya Marko, sura kwa sura, kisha ya Luka. Ninaenda ibadani na kukaa nyuma. Mwanzoni nilikuwa nikinyamaza wakati wa sala. Siku hizi ninaitamka Sala ya Bwana pamoja na wengine, ila nikifika “mapenzi yako yatimizwe” husita, kwa kuwa sijui kama ninayamaanisha maneno hayo.

Sasa nimeulizwa kama ningependa kuanza mafundisho ya ubatizo. Ninawapenda mno marafiki hawa, na ninaogopa kwamba ninachokiita imani ni shukrani niliyo nayo kwao. Wakihama kesho, nitabaki na nini? Tena, je, si unafiki kusali kabla ya kuamini?

Mama Tumaini:

Mwanangu, pole kwa kufiwa na baba, na pole zaidi kwa maneno uliyoambiwa ukiwa bado unalia.

Kwa kuwa umesoma Marko, rudi kwenye sura ya 2, kwa yule mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne wakatoboa dari ili kumfikisha kwa Yesu. Andiko linasema Yesu “alipoiona imani yao”. Juu ya mawazo ya yule aliyelala godoroni halisemi neno. Inawezekana aliamini, inawezekana pia alikuwa amechoka tu na amekubali kubebwa. Nimeisoma habari hiyo kwa miaka mingi na bado hunitoa machozi, kwa sababu nami nilibebwa hivyo. Usione aibu kwamba umefika mlangoni juu ya mabega ya wengine.

Kuhusu unafiki, soma Marko 9:24, pale baba wa mtoto mgonjwa anapolia: “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.” Hakukemewa. Mwanawe aliponywa.

Asiyeharakisha:

Ninakubaliana na Mama kwa sehemu kubwa, lakini sipendi swali la kwanza lifunikwe na faraja, kwa maana mimi nilibatizwa kwa ajili ya watu. Kundi letu lilipotawanyika, imani yangu ilitawanyika nalo, na ilinichukua miaka sita kurudi.

Kilichonirudisha ni kutenganisha mambo mawili. Wema wa marafiki zako unakuonyesha wao ni watu wa namna gani. Hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba Kristo alifufuka. Jambo hilo lipime lenyewe. Soma 1 Wakorintho 15, barua ambayo Paulo aliiandika katika miaka ya 50, yaani yapata miaka ishirini na kitu tu baada ya Yesu kusulubiwa, ambamo anataja watu zaidi ya 500 waliomwona Yesu na kusema kwamba wengi wao walikuwa hai bado. Mtu anayeandika hivyo anajua kwamba msomaji anaweza kwenda kuwauliza. Hoja hiyo haikunimalizia mashaka yote, lakini ilinipa kitu cha kusimamia ambacho hakikutegemea tabia ya rafiki yeyote.

Kisha tafuta muda wa kusali peke yako, na usiwasimulie marafiki zako. Utaona kama kuna kinachobaki.

Mwalimu wa Wakatekumeni:

Kuanza mafundisho si kula kiapo. Katika karne za kwanza yapo makanisa yaliyowafundisha watu kwa miaka hata mitatu kabla ya kuwabatiza, na Augustino mwenyewe, aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mashuhuri wa Kanisa, pamoja na machozi yote ya mama yake aliyemwombea aamini, alibatizwa mwaka 387 akiwa na miaka 32.

Ninapokusoma humkumbuka John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, ambaye mwanzoni mwa 1738, akiwa tayari kasisi, alitambua kwamba hana imani aliyokuwa akiihubiri na akataka kuacha. Rafiki yake Peter Böhler alimsihi asiache, bali aendelee kuihubiri mpaka aipate. Tarehe 24 Mei mwaka huohuo alikwenda kwenye mkutano mmoja wa jioni jijini London, tena bila kupenda, na hapo moyo wake ukapata joto ambalo hakulitarajia. Mashaka yalimrudia usiku uleule, naye aliyaandika bila kuyaficha.

Mgeni wa Benchi la Nyuma:

Nawashukuru nyote. Jana niliwaeleza marafiki zangu hofu yangu yote. Mke alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba kwa majuma machache nisome bila wao, na kwamba hatanihesabia kukosekana. Nitaanza mafundisho, ila nitamwomba mwalimu asinipangie tarehe ya ubatizo.

Mama Tumaini, lipo swali ambalo sijathubutu kumwuliza yeyote, hata wao. Linamhusu baba yangu, aliyekufa bila kuamini.

Mama Tumaini:

Uliza, mwanangu. Nami nilimzika wangu hivyohivyo.