Mjadala: Daraja la Mkapa au makalvati ya Kilwa, fedha ianzie wapi?

Mtoa mada: Daraja la Mkapa lina urefu wa mita 970 hivi, na magari yanavuka Rufiji juu yake tangu 2003. Mvua za Kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilipokata barabara ya Dar es Salaam–Lindi, daraja lilibaki. Palipokatika ni Somanga na Mikereng'ende, Kilwa. Fedha ianzie huko.

Mdau wa Nangurukuru: Sawa kabisa, lakini tusirudishe kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, la kipenyo kilekile. Magogo na matope huziba mdomo, maji hujaa upande wa juu, hatimaye hupita juu ya lami. Yakiangukia upande wa pili hukomba mguu wa tuta mpaka lami inabaki inaning'inia, halafu inakatika. Panahitajika kalvati la boksi au daraja fupi, lipimwe upya kwa eneo lote linaloleta maji pale. Kwenye mdomo wa kutokea wekeni sakafu ya zege yenye ukuta ulioshuka ardhini, kisha gabioni, vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, juu ya kitambaa cha kuchujia. Mkiruka kitambaa, mchanga unatoka kwenye mianya ya mawe na gabioni inazama. Hili ndilo linaloniuma: ni kitu rahisi na kinarukwa.

Mdau wa Ikwiriri: Mnasahau Bwawa la Julius Nyerere lililo upande wa juu wa mto huo wa Rufiji. Mchanga unatua bwawani, maji yanashuka bila mchanga na kuchukua ule wa kitandani mwa mto, hivyo kitanda kinaweza kushuka mwaka hadi mwaka. Nguzo za daraja zilijengwa kabla ya hali hiyo.

Mtoa mada: Bwawa hilohilo linapunguza mafuriko.

Mdau wa Ikwiriri: Likiwa na nafasi. Likijaa, maji lazima yaachiwe, na Aprili 2024 Rufiji ilifurika bwawa likiwapo. Pimeni kina kwenye kila nguzo kwa kipimasauti cha boti, kinachopima kina kwa mwangwi, mto ukiwa umejaa na tena ukishapungua. Kiangazi peke yake kinadanganya: shimo lililokombwa hujifukia kwa mchanga mlegevu ukadhani nguzo imeshikwa vizuri.

Mtoa mada: Upimaji huo naukubali, gharama yake ni ndogo kando ya ujenzi. Ujenzi wenyewe bado nasema uanzie Kilwa, kabla ya masika.

Mdau wa Ikwiriri: Basi vipimo vya nguzo vitangazwe hadharani kila mwaka. Kitanda kikionekana kushuka, mpangilio wa fedha ubadilike mwaka huohuo.