UZI WA HASIRA: Acheni kumpachika Jackie Robinson tuzo ya MVP (mchezaji bora wa ligi) ya 1946. HAKUPEWA!

Salaam wakuu. Kama kuna atakayeona nimekuja kwa shari, ameona sawasawa.

Kila mwaka ikikaribia Aprili 15, siku ambayo wachezaji wote wa ligi kuu ya besiboli Marekani huvaa jezi namba 42 kumuenzi Jackie Robinson, mweusi aliyefungua mlango wa ligi hiyo 1947, inarudi picha ileile. Jackie yumo ndani ya sare ya Montreal Royals, timu yake kabla ya kufika ligi kuu, na chini yake wameandika eti "MVP wa International League 1946". Jana imetua tena humu jukwaani. Watu wakamwaga makofi, mmoja akaongeza kwamba hata wazungu walisalimu amri wakampa tuzo yake, na aliyethubutu kuuliza chanzo akaambiwa ana roho ya kwanini. Hapo uvumilivu ukaniishia.

Hakupewa. Orodha ya washindi ipo wazi, haijafungiwa kabatini. 1943 ni Red Schoendienst wa Rochester. 1944 Howie Moss wa Baltimore. 1945 Sherm Lollar wa Baltimore. 1946 Eddie Robinson, naye wa Baltimore. Huyo ni Robinson mwingine kabisa, mzungu mzaliwa wa mji wa Paris kule Texas, mlinzi wa kituo cha kwanza. Nahisi kufanana kwa majina kumechangia: mtu anaona "Robinson" na "1946", moyo unamdunda, anabandika posti kabla hajasoma jina la kwanza. Lakini msitake kuniambia watu wote hawa, miaka yote hii, wanashindwa kusoma jina la kwanza.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu: chini ya ligi kuu kuna ngazi kadhaa za ligi ndogo, ambako timu kubwa huwalea wachezaji wao. International League iko ngazi ya juu kabisa ya hizo ndogo, ukifanya vizuri pale kinachofuata ni kupandishwa. Ligi hiyo inahesabu umri wake toka 1884, na tuzo ya MVP ikaanza kutolewa 1932, wa kwanza kuipata akiwa Marv Owen. Montreal Royals walikuwa chini ya Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kuu, na Branch Rickey, bosi wa Brooklyn, ndiye aliyemleta Jackie. Ya kutosha hayo, tuendelee na ugomvi wetu.

Tazameni alichokifanya msimu ule. Aprili 18, 1946, Jersey City, mechi yake ya kwanza: alisimama kupiga mara tano akapata mapigo manne, moja likiwa homurani (pigo la kuzunguka vituo vyote) iliyowaleta nyumbani watu watatu akiwemo yeye, akaiba vituo viwili, yaani alikimbilia kituo cha mbele bila kusubiri pigo, Montreal wakashinda 14-1. Msimu mzima alicheza mechi 124, akapata mapigo 155, na wastani wake wa kupiga wa 0.349 (mapigo kwa kila mara anayohesabiwa kupiga) ukawa wa juu kuliko wa mtu yeyote katika ligi nzima. Alifunga alama 113. Aliiba vituo 40. Warushaji walifanikiwa kumtoa kwa kumkosesha mipira mitatu mara 27 tu, huku yeye akiwalazimisha kumpa kituo cha bure mara 92. Montreal walishinda mechi 100, wakawaacha walioshika nafasi ya pili kwa tofauti ya mechi 18 na nusu, kisha wakabeba na Junior World Series, fainali ya mabingwa wa ligi ndogo, mbele ya Louisville.

Eddie alimaliza na wastani wa 0.318, homurani 34, na alama 123 alizowaingiza wenzake nyumbani. Si namba za kudharau. Jamaa mwenyewe alikuwa ametoka Jeshi la Majini na mguu uliopasuliwa ukaharibika mishipa, akacheza hivyohivyo. Baadaye akachukua ubingwa wa dunia na Cleveland 1948, na aliishi hadi akapita miaka 100, akafariki 2021. Mimi sina kesi na Eddie. Hakujipigia kura.

Kesi yangu ni hii: kigezo kilikuwa kipi? Kama ni homurani, hapohapo Baltimore Howie Moss alipiga 38, nne zaidi ya Eddie. Kama ni wastani wa kupiga, Jackie ndiye kinara. Kama ni timu kushinda, hakuna aliyewakaribia Montreal. Zinabaki zile alama 123 dhidi ya 66 za Jackie, na hapo mtu anayeujua mchezo atawaambia kwamba anayesimama wa pili kwenye mpangilio wa kupiga hawezi kulingana na mpigaji wa katikati, maana kazi yake ni kufika kituoni ili wengine wamlete nyumbani. Na aliletwa nyumbani mara 113!

Na mji wenyewe ulioondoka na tuzo ni upi? Baltimore. Ndio mji wa kusini kuliko yote kwenye ligi ile, na ndio uliomtesa Jackie kuliko yote. Rais wa ligi, Frank Shaughnessy, alimsihi Rickey asimpeleke Jackie Baltimore kwa kuhofia damu kumwagika. Rickey akakataa. Jackie akaenda, mkewe Rachel akakaa jukwaani akisikiliza matusi ya watu waliokuwa nyuma ya kiti chake. Kabla ya hapo, wakati wa maandalizi Florida, alilazimika kuondoka mji wa Sanford kwa vitisho. Jacksonville walifunga uwanja kabisa. DeLand wakaahirisha mechi kwa kisingizio cha taa mbovu, na mechi ilikuwa ya mchana. Msomaji, mchana! Wenzake wawili weusi waliopita Montreal mwaka huo, Johnny Wright na Roy Partlow, walishushwa Trois-Rivières, ngazi za chini zaidi. Mtu anabeba yote hayo mgongoni, anaongoza ligi kwa kupiga, timu inashinda mechi 100, halafu kura zinakwenda kwingine.

Sasa ninyi mnaobandika ile picha mnaona mnamheshimu. Mimi naona mnaisafisha ligi. Mkisema alipewa, simulizi inakuwa tamu: kijana mweusi akaja, akazomewa kidogo, akacheza vizuri, wenye tuzo wakampa tuzo, haki ikatendeka ndani ya miezi mitano. Haikuwa hivyo. Mmewatoa lawamani bure, na wao hata hawakuwaomba.

Halafu kumbukeni ni ligi gani tunayoizungumzia. Julai 14, 1887, viongozi wa International League walikutana Buffalo wakapitisha azimio la kutosajili tena wachezaji weusi. Siku hiyo kwenye ligi walikuwemo George Stovey na Moses Fleetwood Walker wa Newark, na Frank Grant wa Buffalo penyewe, watu waliokuwa miongoni mwa bora. Walker alidumu hadi 1889 akiwa Syracuse, kisha mlango ukafungwa. Kutoka hapo mpaka Jackie anakanyaga Jersey City ni miaka 57. Maana yake tuzo ya MVP ilipoanzishwa 1932, ilizaliwa ndani ya nyumba iliyokwisha kufungwa. Washindi wote wa miaka 14 ya mwanzo walishindana na sehemu tu ya watu. Si kosa lao mmoja mmoja, lakini msiniletee orodha ile kana kwamba ni msahafu.

Kuna atakayesema nakuza mambo, mbona miaka michache baadaye Elston Howard aliipata? Ndiyo, aliipata 1954 akiwa Toronto, wastani 0.330, homurani 22. Na mwaka uliofuata akawa mchezaji mweusi wa kwanza wa New York Yankees, miaka minane baada ya Jackie kuanza Brooklyn. Yaani ilibidi mtu awe MVP wa ngazi ya juu ya ligi ndogo ndipo Yankees wamfungulie mlango. Vic Power, mweusi wa Puerto Rico aliyekuwa kinara wa kupiga wa American Association, ligi nyingine ndogo ya ngazi ya juu, mwaka 1953 akiwa chini ya hao hao Yankees, hakufunguliwa kabisa. Walimbadilisha na wachezaji wa Philadelphia. Haya, semeni tena nakuza.

Ila anayenichoma zaidi ni Ray Dandridge, na huyu hamumposti. Sijawahi kuona picha yake humu hata siku moja.

Mimi naishi Minnesota, na hapa Minneapolis kulikuwa na timu ya Millers, American Association, chini ya New York Giants. Uwanja wao, Nicollet Park, haupo tena. Dandridge alifika 1949, mlinzi wa kituo cha tatu, baada ya kumaliza ujana wake Newark Eagles, timu ya ligi za weusi, na Mexico. Miguu yake ilikuwa na matege, na wenzake walikuwa wanatania kwamba treni inaweza kupita katikati lakini mpira haupiti. Msimu wa kwanza akapiga 0.362. Msimu wa pili, 1950, akapewa MVP wa American Association. Alikuwa na miaka 36 kuelekea 37.

Mlitegemea nini baada ya hapo? Giants wampandishe, hata kwa wiki mbili za mwisho wa msimu, hata akakae benchi. Hawakumpandisha. 1951 akaletwa Minneapolis kijana anaitwa Willie Mays, akacheza mechi 35 akipiga 0.477, akaitwa New York mwezi Mei. Haki yake kabisa, Mays ni Mays. Dandridge, MVP wa mwaka uliopita, akabaki palepale akimtazama kijana anaondoka. Akacheza Millers mpaka 1952. Hakuitwa hata siku moja. 1987 wakamwingiza kwenye Jumba la Heshima la Cooperstown. Kwa hiyo alikuwa na hadhi ya kuingia miongoni mwa magwiji wa karne nzima, ila hakuwa na hadhi ya kukaa benchi Polo Grounds, uwanja wa Giants, kwa siku 14?

Msinijibu kwa umri. Joe DiMaggio alikuwa MVP wa Pacific Coast League, ligi ndogo nyingine, 1935 akiwa na miaka 20, na Yankees walikuwa wameshamnunua kabla hata msimu haujaanza. Kwake tuzo ilikuwa mapambo tu. Kwa Dandridge ilitakiwa iwe hoja, na haikusikilizwa.

Najua pia wapo wazungu walioipata wakasota. Rocky Nelson aliichukua International League mara tatu, 1953, 1955 na 1958. Steve Bilko aliichukua Pacific Coast League miaka mitatu mfululizo, 1955 hadi 1957, na mwaka mmoja kati ya hiyo alipiga homurani 55, uliofuata 56. Wote wawili hawakupata maisha marefu ya maana ligi kuu. Lakini walijaribiwa! Nelson alizunguka timu kibao na mwisho akapiga homurani kwenye mechi ya saba ya World Series (fainali ya ligi kuu) ya 1960 akiwa na Pittsburgh. Walipewa gongo la kupigia mkononi, waliposhindwa walishindwa wao. Hiyo ndiyo tofauti, na mtu asiyeiona sijui nimsaidieje.

Ombi langu kwa mods: uzi wa jana ubadilishwe kichwa. Msiufute, picha ni nzuri. Andikeni "kinara wa kupiga, International League, 1946". MVP yake mnaijua, ni ya National League, upande mmoja wa ligi kuu, 1949, akiwa Brooklyn, na hiyo hakuna wa kumnyang'anya.

NYONGEZA: Nimesoma komenti zenu. Mdau mmoja anasema nimekosea kuhusu Dandridge, kwamba kwa sasa anahesabiwa alicheza ligi kuu, kwa sababu Desemba 2020 wakubwa wa besiboli walizipa ligi za weusi za 1920 hadi 1948 hadhi ya ligi kuu, na 2024 takwimu zake zikaingizwa kwenye kumbukumbu rasmi. Hilo nalijua, na ndiyo, miaka yake ya Newark Eagles sasa imo. Sawa. Lakini Dandridge alifariki 1994. Aliyekuwa anasubiri simu kutoka New York ni yule wa Minneapolis 1950, mwenye tuzo mkononi, na huyo hamna azimio la 2020 linaloweza kumpigia simu. Msinitumie tena hiyo linki.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza kama Jackie alimchukia Eddie, nenda kafungue uzi wako wa udaku. Huku tunazungumzia kura.